Mpaka Kwenye Kipilefti na Kurudi

14 Mtaa wa Foxlow,
Coventry.
Juni 7, 1998

Kaka yangu Desmond,

Naomba barua hii ikukute unasimama wima, maana wifi Lorraine aliniambia mgongo bado unakusumbua tangu ulipoteleza kwenye barafu. Msalimie sana, na umwambie sweta limenikaa vizuri. Sisi huku tupo. Mvua haijakatika tangu Pasaka, nyanya zangu zimeoza kabla hazijaiva, na goti la shemeji yako Howard linamuuma yeye peke yake lakini tunalisikia nyumba nzima. Zaidi ya hayo hatujambo.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena jikoni, kisha nikaibamiza mezani mpaka Howard akauliza nani amefariki. Unasema unakuja Agosti. Karibu sana, kitanda kipo. Unasema pia umeshaongea na watu wa meli, kwamba pikipiki yako utaiweka kwenye sanduku la mbao uende ukampe mwanao Craig, na kwamba nihakikishe iko vilevile ulivyoiacha mwaka sitini na sita. Vilevile! Jamani Desmond, sisi wenyewe tuko vilevile? Nakwambia mapema usije ukaanguka tena uwanja wa ndege: pikipiki haiko vilevile. Imekatwa. Sasa kaa kitako nikueleze, na usishike simu kabla hujafika mwisho, maana nakujua.

Kumbuka ilivyoanza. Mama alipofariki, miaka mitatu iliyopita, tukauza nyumba. Ukapiga simu, ukasema, "Avril, nitunzie pikipiki yangu," ukakata. Hukuuliza kama nina nafasi. Ikaletwa kwangu chini ya turubai, panya wamezalia kwenye kiti, tangi limeliwa na kutu, injini imekaza haizunguki hata ukiibembeleza. Na Howard alikuwa amestaafu wiki hiyohiyo. Mwanaume aliyestaafu na pikipiki mbovu ukiwaweka nyumba moja, mke ndiye anayekosa pa kukaa.

Alisema atairudisha kama ilivyotoka kiwandani, kazi ya majira ya baridi moja tu. Yamepita matatu. Kabureta iliogeshwa kwenye sufuria yangu ya jemu. Spoki zililala kwenye bafu wiki mbili, tukawa tunajipangusa kwa kitambaa mbele ya sinki. Kasha la injini aliliweka kwenye oveni lipate moto ili beringi zitoke, na hakuniambia. Jumapili ile pudini zangu za Yorkshire zilinuka oili, na dada yake akala mbili kwa adabu tu, macho yanamtoka machozi. Mwaka mzima ukapotea kutafuta boliti. Si boliti hizi za dukani, la hasha, boliti ya mwaka uleule yenye alama ileile kichwani. Nilipomwambia dukani zimejaa tele, akanitazama kama nimetukana kanisani. Nilichoka mie. Nilimwambia wazi kwamba kitu hicho ama kitembee ama kitoke, na kama hakitoki basi natoka mimi.

Februari akaja Terence Ludlow. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akisukuma makreti kwenye ghala la maziwa, nyuma ya daraja la reli. Siku hizi ana upara na wajukuu, na anafufua pikipiki za zamani, ila si kwa mtindo wa Howard. Yeye anazifanya za mbio za mkahawa, zile mlizokuwa mkiziota ninyi enzi zenu: anavua kila kisicho na kazi, anakata nyuma ya fremu, anaweka kiti cha mtu mmoja chenye nundu, anashusha usukani mpaka kidevu kinakaribia tangi, na vikanyagio anavirudisha nyuma kabisa. Wewe uliishia kushusha usukani tu, maana Baba alikukataza kushika msumeno. Basi Terence alikuwa amemletea Howard boliti. Akaizunguka pikipiki, akasema hii inaandaliwa mazishi, haiandaliwi safari. Howard akanuna, akabaki kibandani na boliti yake, na mimi nikamkaribisha mgeni chai.

Pale mezani Terence akaanza kukumbuka mkahawa wa Bi Pargeter, mlikokuwa mkikusanyika na pikipiki zenu. Aliniambia jambo moja, Desmond, na nitalifikia. Kwanza nikukumbushe na mimi la kwangu.

Sharti la mchezo wenu lilikuwa lile. Sarafu inaingia kwenye mashine ya santuri, wimbo ukianza unatoka mbio, unarukia pikipiki, mpaka kwenye kipilefti, unakizunguka, na unarudi ndani kabla wimbo haujaisha. Dakika mbili na nusu. Wengi walishindwa. Wewe uliweza, Juni sitini na tatu, na Bi Pargeter akaandika jina lako kwa chaki ukutani, juu ya birika kubwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisimama mlangoni nimekushikia koti, na nilijivunia kaka yangu.

Jumapili iliyofuata nikakuomba nijaribu. Ulijua naweza, wewe mwenyewe ulinifundisha uani, Baba akiwa kazini. Ukacheka mbele ya wote, ukasema, "Wee Avril, kaoshe vikombe, hii si baiskeli ya kwendea kanisani." Wakacheka wote. Kisha ukanishtaki kwa Baba, na Baba akanipiga marufuku hata kuigusa. Umeshasahau, najua. Mimi sijasahau. Na kila Krismasi tangu wakati huo unapiga simu kutoka Calgary, unasimulia upya jinsi ulivyokizunguka kipilefti umelala ubavu, wajukuu wanashangilia, na mimi huku nashika simu nasema ndiyo kaka, nakumbuka kaka.

Sasa kuhusu kukatwa. Usimlaumu shemeji yako. Siku ya pili baada ya Terence kuja, Howard alikwenda kwa daktari kuhusu goti. Aliporudi alikuta nyuma ya fremu iko sakafuni, na mimi nimekaa juu ya ndoo, msumeno wa chuma mkononi, vidole vinatoka malengelenge. Ni mimi niliyeikata, Desmond. Howard akasema kwa sauti ndogo kwamba ile ilikuwa fremu ya asili. Nikamjibu hata mimi ni wa asili, na nimekaa chini ya turubai miaka thelathini na tano. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Siku ya tatu akamleta Terence na mtambo wa kuchomelea.

Usidhani hapo ndipo nilipopumzika. Loo! Kumbe wazee wawili wanaelewana vibaya kuliko mmoja. Waligombania unene wa sifongo ya kiti wiki nzima, kila mmoja akanikalisha juu ya sifongo yake, huku nainuliwa na kushushwa. Ila kosa moja ni langu tupu. Vikanyagio vikirudi nyuma, mkono wa gia nao unabidi ugeuzwe, na ukigeuzwa gia zote zinakwenda kinyume: pa kuinua unakanyaga, pa kukanyaga unainua. Howard akataka kuunga kifimbo cha kurekebisha. Nikamwambia tutamaliza lini, nitazoea, funga hivyohivyo. Akanionya mara tatu. Nikamwambia si mtoto mimi.

Jumapili iliyopita, mchana, mvua ikatuonea huruma kidogo. Tukaenda. Mkahawa upo, anauendesha Doreen, binti wa Bi Pargeter, na mashine ya santuri bado inafanya kazi ukiipiga teke ubavuni. Jina lako nalo lipo. Doreen amelifunika kwa kioo lisifutike. Terence akatia sarafu. Wimbo ukaanza, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye koti la mumewe, nikatoka mbio mlangoni. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikakohoa ikawaka, na wimbo wenyewe ulishafika kiitikio.

Desmond, ile pikipiki inakwenda! Nilipiga kelele ndani ya helmeti, sijui nilisema nini. Nikapita daraja la reli. Upande wa kushoto likaonekana ghala la maziwa. Siku hizi wanauza mazulia, lakini lango ni lilelile.

Na hapa ndipo lilipo neno la Terence. Aliniambia siku ile ya Juni alikuwa kwenye lango hilo na makreti yake. Akakuona unakuja, ukaingia ndani, ukajificha nyuma ya ukuta. Ulikuwa mweupe kama maziwa aliyokuwa anayabeba. Ukatazama saa yako, ukahesabu, kisha ukageuza ukarudi mkahawani. Kabla hujaondoka ulimwambia, "Terry, naomba." Akanyamaza miaka yote hiyo. Aliniambia kwa sababu alidhani wewe mwenyewe ulishaniambia zamani, na alipouona uso wangu akamwaga chai.

Kipilefti hukukifikia. Hata siku moja. Kwa hasira ya neno hilo ndipo nikashika msumeno.

Sasa nisikilize, maana hili ni gumu kwangu kuliko la msumeno. Nilipofika kwenye lango lile, mkono wangu ukaachia mafuta wenyewe. Malori yalikuwa yanapita karibu mpaka upepo wake unanivuta. Nikaona kabisa kwamba naweza kuingia pale, nikahesabu, nikarudi, nikapigiwa makofi, na hakuna atakayejua. Nilikaribia, Desmond. Nikakuelewa, na kukuelewa ndiko kulikonikera kuliko yote, kwa sababu nilikuja na hasira yangu nimeitunza vizuri, na pale langoni ikaniponyoka. Ulikuwa na miaka ishirini, uliogopa, basi. Ungeniambia tu. Kwa nini hukuniambia? Nisingekucheka.

Nikavuta mafuta nikaendelea. Kwenye kipilefti nikataka kupunguza gia, nikakanyaga, na gia ikapanda. Gia zimegeuzwa, nimesahau! Nikapitiliza ukingo, nikapanda kwenye majani, nikaingia kwenye maua ya halmashauri. Sikuanguka. Nikakizunguka chote, nusu barabarani na nusu kwenye maua, nikitukana maneno ambayo Mama hakunifunza. Injini ikazima mara mbili wakati wa kurudi. Nilipoingia mkahawani wimbo ulishakwisha kitambo, na wa tatu baada yake ulikuwa unaendelea. Terence akasema dakika tisa. Howard alikuwa anafuta macho, anasingizia goti. Doreen akachukua chaki akaandika chini ya jina lako: Avril, dakika tisa. Halafu akanipa kitambaa nijifute matope.

Nikabaki nimesimama mbele ya birika na kitambaa kile mkononi. Kioo kinatoka kirahisi, kimeshikiliwa na misumari miwili tu. Sikukigusa. Howard hajui ulikojificha siku ile, Doreen hajui. Nimekuandikia wewe peke yako.

Kwa hiyo njoo Agosti. Sanduku la mbao liache hukohuko. Craig kama anataka pikipiki aje aombe mwenyewe, nami nitamjibu vizuri kuliko nilivyojibiwa. Pikipiki hii ni yangu, nimeikata na nimeizungusha. Lakini nitakuazima Jumapili moja. Sarafu nimeshaiweka kando, iko kwenye kikombe juu ya rafu. Ukitumia dakika tisa sawa, ukitumia nusu saa sawa, ukienda gia ya kwanza mwanzo mwisho ni sawa pia. Nitasimama mlangoni nikushikie koti.

Howard anakusalimu, anauliza kama huko Kanada boliti za mwaka hamsini na tisa zinapatikana. Usimjibu, tafadhali. Wifi na wajukuu wote nawabusu.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nikikasirika,

Avril

Nyongeza: Kuongeza gia unakanyaga, kupunguza unainua. Anza kujizoeza sasa hivi, hata kwenye kiti.