Kengele ya Mdomo

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Chanika na kurudi! Kilomita hamsini na mbili, kutoka hapa Tabata mpaka kwa shangazi Hayat, kwa baiskeli ya mtumba yenye gia moja na breki moja na nusu. Naiita Bi Mkubwa, maana hakimbizwi na mtu. Nyumbani wanajua nilipanda gari.

Mie siku zote navaa mtandio tu. Ninja, ile ya kuacha macho tu, naivaaga nikiwa juu ya Bi Mkubwa — vumbi haliingii, na ndugu hawanijui.

Jioni kaka Zahor karudi amefura. Eti kaenda Pugu kufuata mzigo wa duka, kamkuta mwanamke wa ninja anapanda mlima kwa baiskeli. "Sijui huyo hana kaka?" Nikamwambia labda anaye, ila mkali. Nikamwongezea chai.

Jumapili, 3 Agosti

Siwezi kukaa. Natembea kama bata. Mama anadhani ni mgongo, kanisugua mafuta ya karafuu. Kunakouma siwezi kumwonyesha.

Jumanne, 5 Agosti

Posa. Bi Rumaisa wa Kurasini anakuja Jumapili baada ya alasiri kuniona, yeye na mwanawe Yazid. Kijana anashughulika na kutoa makontena bandarini, mama anasema katulia. Sijakataa. Ila nikauliza kwa kuzunguka: hivi mke wa mtu anaruhusiwa mazoezi?

Zahor kajibu kabla ya mama. Mazoezi ya chumbani sawa, baiskeli nyingine akiiona humu inaenda vyuma chakavu kama ile. Ile ni ya mwaka jana. Alimpa mwenye mkokoteni mbele ya macho yangu, nikalia siku mbili. Anaamini nimeacha.

Hii haiendi kokote. Iko nyuma ya simtanki la maji, chini ya turubai, na mie nalala dirisha la upande huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Chanika tena. Mlima wa Pugu nimemkuta mwanaume wa kofia ngumu, miwani, kaptula ya kubana, baiskeli ya gia sijui ishirini — kashuka, anaisukuma huku anatembea. Sasa hapo mtu unapitaje kimya? Kengele ya Bi Mkubwa ilishakufa, nikapiga kwa mdomo: kring kring! Akaruka pembeni. Nikampita polepole makusudi, aione mpaka kerieri.

Shangazi kacheka mpaka kuku wakatawanyika. Halafu kaacha kucheka. Kasema nimwambie huyo wa posa mapema, nikianza kwa kuficha nitaficha mpaka nizeeke. Nikasema nitaona. Ukweli naogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Nikasema niende Chanika asubuhi, isije ikawa ndiyo ya mwisho. Wakati wa kurudi cheni ikatoka Gongo la Mboto, nikairudisha kwa vidole. Ikatoka tena Majumba Sita. Nafika nyumbani saa saba — wageni wameshakaa! Bi Rumaisa alisema alasiri, kaja na adhuhuri yake. Nikapita mlango wa uani, Bi Mkubwa chini ya turubai, nguo mpya, mikono nikaisugua kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa. Wapi. Ncha za vidole nyeusi tii.

Nikaingia na kahawa na halua. Shikamoo, marahaba. Namtupia jicho kijana — yule wa kaptula! Leo yuko ndani ya kanzu. Nusura nimmwagie.

Na mada kaianzisha mwenyewe. Anawasimulia alivyopitwa na ninja mlima Pugu, tena kwa kengele ya mdomo. Zahor kasema angekuwa dada yake angeivunja ile baiskeli vipande. Yazid kasema taratibu, "Mie ningemwomba anifundishe kupanda ule mlima." Mama kakohoa.

Ndipo Bi Rumaisa akanishika mkono. "Mashallah, piko imekolea. Kakupaka nani? Nataka anipake na mie."

Mie sipakagi piko wala hina, na Zahor anajua. Kavitazama vidole, kanitazama mie. Nikasema naongeza kahawa, nikakimbilia huku jikoni.

Naandika daftari likiwa juu ya debe la mchele. Sabuni iko mbele yangu. Nikisema piko, Bi Mkubwa kapona leo, na nitapaka piko ya uongo maisha yangu yote. Nikisema grisi, Zahor hatasubiri hata wageni waondoke. Mama kaniita mara mbili. Namsikia Zahor anauliza ufunguo wa mlango wa uani uko wapi.

Kahawa imechemka. Sijanawa. Nikifika kwenye pazia, kabla sijaingia, napiga kengele ya mdomo.