Lenzi Pana ya Ubatizo Wako

Mountain View, Alhamisi

Shemeji Clifford,

Sasa? Huku hatujambo. Jana nilienda tao kununua lenzi ya kupigia picha majini, maana kanisa lako jipya limenipa kazi ya ubatizo wako Jumapili, kwenye kidimbwi cha kuogelea kule Muthangari. Hawajui wewe ni shemeji yangu.

Muuzaji alinionyesha lenzi mbili. Ya kwanza ingechukua uso wako tu. Nikachagua ile pana. Inataka nikukaribie sana, maji kati yetu yawe machache, uonekane wazi. Tena nikiizamisha nusu, inachukua aliye majini pamoja na wote waliosimama ukingoni.

Umemwambia pasta wewe ni kapera, na ukitoka majini utamvisha Hannah pete. Sawa. Dada yangu Nasimiyu, mke wako, ameshashonesha rinda. Atasimama ukingoni na watoto wenu wawili, mbele kabisa.

Usipokuja, Hannah ataniuliza sababu, nami nitamjibu.

Ukiibuka, fumbua macho. Wanao wamefanya mazoezi ya kukupungia mkono.

Ni mimi, mpiga picha wako,
Mercyline