Faruku na Viwanja vya Ulaya

Esther, weka mwiko chini usome. Faruku leo kaumbuka ukweni. Kaumbuka!

Kaenda Newala kujitambulisha kwa kina Pili, shati limepigwa pasi mpaka kola. Shikamoo baba, shikamoo mama, kisha akaanza: yeye baharia bwana, Ulaya viwanja vyote kaingia. Cha Liverpool, cha Barcelona, "ila kipenzi changu ni kile cha Manchester." Huyu huyu ambaye Ndanda tu hajapita!

Baba Pili anaitikia kwa kichwa, kaingia mzima mzima.

Bwanali yule Myao, mtani wao, akauliza kwa upole, "Hebu shemeji, Manchester ulikaa upande gani?"

Faruku bila wasiwasi: "Benchi la nyuma. Wafupi mbele, mkekani. Siku hiyo tulikosa goli la mwisho, jenereta ilizimika."

Jenereta, Esther! Manchester! Hicho si kibanda cha video cha pale sokoni?

Bwanali kagaagaa chini kwa kicheko. Na mtani hakasirikiwi, basi Faruku anachekacheka tu, jasho linamtiririka.

Hapo Baba Pili akasahau kuwa yeye ndiye baba mkwe. Akadakia, "Muongo huyu! Ilizimika baada ya goli, mimi nililiona!"

Mama Pili akaweka sinia chini, polepole. "Baba Pili. Usiku ule si uliniambia uko msibani Chiwata?"

Mzee kamgeukia Faruku, sauti imekwisha: "Mwanangu, kule Barcelona wageni wanalala wapi?"