Sare ya Pasaka

Jumamosi, 17 Machi 2018

Naahidi kuandika yote hapa, hata yale yatakayonifanya nionekane mbaya. Hakuna atakayesoma ila mimi. Na Mungu, ambaye anajua tayari.

Asubuhi nimeosha vyombo, nimemsuka mdogo wangu Neema, nimemwagilia mchicha wa Mama kwenye ndoo za barazani. Haujaota. Halafu tukakata kitenge cha Pasaka. Kila mwaka nyumba yetu huvaa sare. Mwaka huu kitambaa kimetoka Mwanza kwa shangazi: kijani, maua ya njano. Mama alikitandaza kwenye zulia, mimi nikashika ncha, yeye akakata. Nguo zetu atashona mwenyewe. Kipande cha Baba kinatumwa Houston kwa Mama Furaha, fundi Mkongo wa mtaa wa Gulfton, ili Baba apimwe hukohuko.

Mama alikata kipande cha Baba kikubwa mno.

"Mama, Baba amenenepa hivyo?"

"Shika ncha vizuri, Rehema."

Baba yuko Houston kikazi tangu mwaka juzi. Walisema ni kwa mwaka mmoja. Kwaresima hii nimeacha soda, na sijamwambia mtu sababu. Nataka Baba arudi hapa Euless, nyumbani. Arudi kabisa, si kututembelea.

Jumatano, 21 Machi

Mama Furaha amepiga simu. Mama alikuwa anakaanga samaki, kwa hiyo aliiweka kwenye spika.

"Dada, kitambala kimefika. Niko nashona yote mbili, usisumbuke."

Mama akazima spika haraka, akaenda chumbani. Samaki wameungua upande mmoja.

Zote mbili! Mtu anayekuja kwa siku moja hahitaji mashati mawili. Nimefurahi mpaka nimemaliza hesabu za shule bila kulalamika.

Jumapili, 25 Machi. Mitende

Baba atakuja Pasaka. Amesema mwenyewe kwenye simu. Nilimuuliza atakaa siku ngapi. Akasema, "Tutaongea, mwanangu." Hakusema hapana.

Baada ya ibada nimeyatoa makoti yetu upande wake wa kabati. Nimeufuta vumbi. Uko mtupu na safi. Mama alinikuta. Alisimama mlangoni na kikapu cha nguo, halafu akaondoka. Nadhani hataki kutumaini mapema.

Mchicha umeota.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Ibada ndefu. Mama alilia tangu somo la kwanza. Mwalimu wa kipaimara alitukumbusha kwamba Yesu alifufuka na makovu yake mikononi. Sikuelewa kwa nini hakuyaacha kaburini. Nitamuuliza.

Nina njaa. Keshokutwa Baba.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Amekuja. Naandika kwa mpangilio ili nisidanganye.

Alifika kabla ya ibada, amevaa shati la sare. Shikamoo, marahaba, akanikumbatia. Akinamama wa kwaya wakamzunguka.

"Baba Rehema! Ume-drive peke yako kutoka Houston?"

"Peke yangu, dada zangu."

"Wanakulisha nini huko? Tumbo limefika kabla yako!"

Akacheka. Mama pia alicheka. Mchungaji alipotangaza kwamba Kristo amefufuka, niliitikia kwa sauti kuliko wote. Niliamini nimejibiwa.

Kisha tukaenda kupiga picha kando ya barabara kuu, kwenye yale maua ya buluu yanayoota yenyewe kila Machi. Ungedhani Texas nzima ilikuwa pale na nguo za Pasaka. Neema alikaa mabegani kwa Baba, akapiga kelele kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yuko juu kuliko magari. Nikamuuliza Baba shati la pili liko wapi.

"Shati gani?"

Neema akataka maji. Nikayafuata garini kwa Baba. Nyuma kulikuwa na kiti cha mtoto mchanga. Ndani yake kofia ndogo, ya kufunga kidevuni, imesahauliwa. Kijani, maua ya njano. Kitenge chetu.

Baba alikuwa amenifuata. Hakujifanya haelewi.

"Nilitaka kukwambia, Rehema."

"Lini?"

Akatazama barabara. "Ana miezi minne."

Nikampelekea Neema maji. Picha tulipiga. Nimecheka kwenye picha zote.

Jioni haikumkuta. Upande wake wa kabati bado mtupu.

Jumatatu, 2 Aprili

Shule. Sikusikia kitu. Niliporudi nimemfokea Mama. Sijawahi kufanya hivyo.

"Ulijua! Na kitambaa chetu ukampa!"

Alikuwa barazani, anang'oa miche ya mchicha iliyosongamana. Hakuinua kichwa.

"Nilijua tangu Januari. Nilikata mimi. Wewe ulishika ncha."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu Pasaka nyumba yetu huvaa sare. Na yule ni mdogo wenu, nipende nisipende."

"Na Baba?"

"Baba yako harudi, mwanangu. Nilimwachia akwambie mwenyewe. Nikangoja, nikangoja." Akafuta udongo mikononi. "Usinione mtakatifu. Siku ile nilitamani kukichana kitambaa chote."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nimemchukia. Baba nimemchukia zaidi. Mungu pia, kidogo. Niliahidi kuandika yote.

Kwaresima imekwisha, nimekunywa soda. Imenichoma koo tu.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimeosha vyombo. Nimemsuka Neema. Tumekula mchicha wa kwanza, mwororo, haukujaza hata sahani.

Makoti nimeyarudisha upande wa Baba. Mama alinisaidia. Alinipangusa bega kana kwamba kulikuwa na vumbi.

Niliomba kilichokufa kirudi kama kilivyokuwa. Hakijarudi. Badala yake kuna mtu mdogo Houston, amevaa kitenge chetu, hajui kwamba nimelia wiki nzima kwa ajili yake. Hana kosa. Inauma vilevile. Ile habari ya makovu sijamuuliza mwalimu. Nadhani sitauliza.

Neema bado hajui. Atakapojua atakuja kwangu na maswali, na sitaki kumwambia "mtoto" tu, kama wa jirani.

Nimemwandikia Baba ujumbe, wa kwanza tangu Pasaka. Sikuandika kwamba nimemsamehe, maana si kweli bado. Nimeandika hivi: Shikamoo Baba. Naomba unijibu leo. Mdogo wetu anaitwa nani?