Kinyundo cha Shaba Upande wa Kuume

Baba Salim wangu,

Nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa nguo mpya, wifi yangu Zuhura amenifukiza udi mpaka nikakohoa, na wanawake wote waliokuja wakasema sasa niko huru kutoka. Nikafungua mlango wa mbele, nikatazama barabara, nikaona sina ninapokwenda bila wewe. Nikaufunga.

Barua hii naiandika wazi, asomaye asome, kwa sababu jambo lenyewe halijawahi kuwa siri. Nusu ya Maskati walijua ni bunduki gani unayoitafuta. Kwa hiyo nao wajue ilivyokuwa.

Wanaume wa hapa Al Khoudh, mwenye kukusanya silaha za kale hukusanya za risasi, zile ndefu zilizovishwa fedha, za kuchezea harusini. Wewe ulikusanya za marisau, zile chembe ndogo za kupigia ndege. Jirani yetu Abu Nasir hakuchoka kukuchokoza mlangoni mwa msikiti: "Yakhe Abu Salim, njiwa wamekukosea nini?" Na wewe: "Njiwa hawana kosa. Wenye kosa ni kunguru na kima." Kisha unamweleza, kwa mara isiyojulikana ya ngapi, juu ya shamba la karafuu la marehemu baba yako Unguja, na jinsi mwenye shamba bila bunduki ya marisau alivyokuwa kama mwenye nyumba bila mlango.

Ijumaa baada ya chakula tulitandika kanga kuukuu juu ya zulia, tukazitoa kabatini moja moja na kuzipangusa kwa mafuta. Ulinifundisha gobori linaloshindiliwa mdomoni, baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha chembe za risasi kama mtama. Ukanifundisha zile zilizokuja baadaye, zinazovunjika kiunoni na kumezeshwa risasi kwa nyuma. Siku moja ulinionyesha mtutu wa zamani uliotengenezwa kwa vyuma vilivyosokotwa pamoja.

"Tazama, kama ukili uliosukwa."

"Miye naona kutu."

"Basi weye pangusa tu. Macho yako hayajazaliwa bado."

Yakazaliwa, taratibu. Lakini zote zile, na nilijua hata wakati huo, zilikuwa za kupitishia muda. Ulikuwa unaitafuta moja.

Ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na vinyundo viwili vya kufyatulia kwa nje, kila mtutu na chake. Kimoja kilivunjika, na fundi wa mjini akamchongea baba yako kingine cha shaba ya manjano. Wewe ulikuwa mtoto mdogo wa homa za mara kwa mara. Ukilazwa chumbani mwa baba yako, ukitazama ukutani ilipotundikwa, kinyundo kile kinang'aa upande wa kuume, kama mlivyouita nyinyi mkono wa kulia. Mlipoondoka Unguja bunduki ilibaki. Baba yako aliishi miaka mingi hapa Omani na hakuitaja tena hata kwa bahati mbaya. Nadhani ndiyo sababu wewe hukuacha kuitaja.

Uliamini kwamba vitu vya Unguja, vikiishi, mwisho wake huja Matrah, ndani ya kasha la mtu fulani. Muuzaji mmoja alisikia hadithi yako, akabandika shaba kwenye bunduki ya Kibelgiji akakuletea. Ulikuta kibandiko kiko kushoto, ukamrudishia. Tangu hapo ukawa mgumu. "Kuume ni kuume, Mama Salim. Mwizi hajui, lakini mimi nalala nayo machoni."

Unaikumbuka ile siku ya Matrah, kwenye duka la yule mzee karibu na wauza majambia? Alikuambia, "Hii imetoka Unguja, lakini sijui ya nani." Ukaivunja kiunoni, ukatazama mitutu kwenye mwanga, ukaiweka begani. Nilikuona ukishusha pumzi. "Inanikaa," ulisema. Kisha ukaigeuza, ukakiona kinyundo cha shaba, na uso wako ukajifunga.

"Siyo. Hiki kiko kushoto."

Mzee akasema, "Kushoto, kuume, si bunduki hiyo hiyo?"

"Si hiyo hiyo."

Tukatoka tukala samaki. Unajua ninavyoandika shajara kila siku na tarehe yake. Nimeitafuta siku ile nikaipata. Nimeandika kuwa jua halikuwa kali na kwamba samaki alikuwa na chumvi nyingi. Basi.

Sasa nikwambie la eda. Wifi yangu Zuhura alikuja kunikalia. Dada yako huyo, umri umekwenda, lakini ulimi bado kijana. Asubuhi moja alilitazama kabati lako lenye vioo akatikisa kichwa.

"Kaka yangu na usomi wake wote, bunduki kazisimamisha mdomo juu kama mifagio! Baba angemchapa."

"Kwa nini?"

"Sisi nyumbani ikining'inizwa mdomo chini, wifi. Siku zote. Mafuta yasishukie kwenye mti ukaoza. Yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. Miye ndiye nlokuwa nkipanda kiti kuishusha."

Nilinyanyuka. Nikafungua kabati, nikatoa ile ya vinyundo vya nje uliyoipenda, nikampa aishike ukutani mdomo chini. Mimi nikajilaza kwenye zulia, kama mtoto mwenye homa.

"We Mama Salim! Eda imekupanda kichwani?"

Kinyundo cha kushoto kilikuwa kuume kwangu.

Nikabaki pale chini. Zuhura alidhani nalia kwa ajili yako kama siku nyingine, akaanza kunisomea dua. Sikumwambia. Sitamwambia. Hapa naandika kwa sababu hasomi tena na hakuna wa kumsomea ila mimi.

Hukukosea, mume wangu. Ulichokiona ulikiona. Kilikuwa kuume kwako, kitandani. Hakuna aliyekuambia tu kwamba ukuta uliipindua.

Salim alipokuja kutoka Al Amerat nilimweleza. Akanipeleka Matrah kwa gari siku ya pili baada ya eda kwisha. Duka lile sasa linauza mashali na ubani wa watalii. Kijana aliyemo hajui aliyekuwamo kabla yake. Tuliuliza kwa wauza majambia. Mmoja alisema yule mzee amefariki na vitu vyake vilitawanyika.

Ndani ya gari Salim alisema, "Usihuzunike, mama. Ntaitafuta. Wakusanyaji wanajuana, tutaipata."

Nikamuuliza, "Ukishaipata utampa nani?"

Akawasha gari.

Zilizobaki kabatini atazichukua mkusanyaji mmoja mwenye kibali, aliyeahidi kutozitenganisha. Nimekubali. Ijumaa nyumba hii ina saa nyingi mno.

Salim ananiambia nishukuru, kwamba hukufa ukijua. Nami najaribu. Lakini kila nikifumba macho nakuona dukani, kitako begani, shavu juu ya mti pale pale ambapo baba yako alilaza lake, na unasema inakukaa. Ilikukaa, Baba Salim. Mwili wako uliijua. Ulikuwa nayo mikononi, bunduki ya baba yako, kwa muda wa pumzi moja, ukairudisha kwa mwenye duka kwa heshima na kumwambia siyo.

Mola akulaze pema. Nitakuombea, na wewe uniombee nipate usingizi.

Mkeo,
Mama Salim