Kofia Yangu Mbele ya Kamera ya Nakunda

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimefunga waifai nyumba nzima, peke yangu, bila fundi. Kijiji chote cha Mhezi hakuna mzee mwingine aliyeweza.

Uongo. Nimefungua boksi, nimetazama vilivyomo, nimelifunga tena.

Mzigo umepanda na gari la asubuhi kutoka Same. Katuma Nakunda, binti yangu wa Dodoma. Visanduku vitatu vyeupe. Kamera mbili. Taa moja. Na kidude cha kubandika mlangoni, eti kila mlango ukifunguka kinamwambia yeye huko aliko.

Tangu nianguke mwezi wa saba kule kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, anataka nihamie kwake. Tumepatana hivi. Anione kwenye simu yake hadi Jumapili, nimetulia, sijapanda ndivani. Nikifaulu, nabaki kwangu. Nikishindwa, anakuja na gari kunichukua.

Dodoma sina kitu. Mama Nakunda kalala hapa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikiondoka nani atamsalimia asubuhi?

Jumanne, 7 Oktoba

Visanduku ni familia. Mama anadaka mtandao wa mnarani, anawapa watoto wawili, wao wanausambaza. Mama nimemweka dirishani sebuleni. Mtoto wa kwanza chumbani. Taa ya kijani hapo hapo.

Mtoto wa pili ndiye mtundu. Ni wa jikoni, na jiko langu liko nje, ukuta wa udongo, bati juu. Nimemweka juu ya debe. Nyekundu. Juu ya kinu. Nyekundu. Nimemtukana. Nyekundu.

Nakunda kanipigia. "Baba, soma maelekezo." Maelekezo ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo lenyewe sikulimaliza.

Mzee Zefania, jirani yangu, mzee wa kanisa mstaafu, kaja kushangaa. "Baba Nakunda, ungetundika mizinga mitatu, saa hizi tungekuwa tunasubiri asali." Nimemfukuza. Hakwenda. Tumekunywa chai.

Sisi wagane wawili hunyoana vichwa. Nimemnyoa leo, wembe mpya, kichwa kimetoka kinang'aa kama yai. Zamu yangu ilipofika kasema mkono umechoka. Umechoka na nini? Alikuwa amekaa!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata!

Darini. Juu ya moto, palipo na mahindi ya mbegu. Marehemu mke wangu kila cha thamani alikipandisha hapo, hata vyeti vya ubatizo vya watoto, ndani ya mkebe. Moshi unafukuza wadudu. Nikapanda kigoda nikamweka mtoto wa pili kati ya mahindi. Kijani! Ukuta hapo juu haufiki kwenye bati, kuna uwazi unaotazamana na dirisha la sebule.

Kamera ya jikoni niliiwasha nilipokwisha shuka kigodani. Mimi si mjinga.

"Umekiweka wapi, Baba?" Nimesema mahali pa heshima. Jioni kisanduku kilikuwa kimeanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Funza hatakigusa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nachukia vitu hivi.

Ukuta wa sebule unaongea, ni Nakunda ndani ya kamera. "Baba, shikamoo. Vaa sweta." Marahaba, nimeujibu ukuta. Taa ya sebule inawaka na kuzimika mchana, Nakunda anaijaribu akiwa ofisini. Siwezi hata kujikuna nilivyozoea. Najikuna kwa adabu.

Halafu: "Baba, mlango unafunguka saa kumi na mbili kasorobo kila siku. Unakwenda wapi?" Nimesema kufungulia kuku. Sina kuku.

"Na nywele hizo? Umekuwa kondoo." Hilo ni kweli. Zefania bado anadai mkono umechoka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kesho ni msaragambo. Kijiji kizima kinakwenda kutoa tope ndivani kabla ya vuli. Mimi ndiye ninayejua tundu la kutolea maji lilipo chini ya tope, babu alinionyesha nikiwa mdogo. Nisipokuwepo watachimba kama fuko. Wakitoboa ukuta, maji yamekwenda, na tangawizi ya watu imekwenda.

Nimelala. Nimeamka. Nimekaa. Nimesimama. Ukuta umeuliza, "Baba, mbona unazunguka?" Mguu umekufa ganzi, nimesema.

Nina mpango. Zefania magoti yake hayapandi mlima, na umbo letu ni moja. Atavaa koti langu na kofia yangu, atakaa kwenye kiti changu, ataipa kamera mgongo. Akisalimiwa akohoe. Kakubali kwa sufuria moja ya makande. Mzee wa kanisa huyo! Nilidhani ataomba mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekamatwa.

Asubuhi Zefania kaingia kwa dirisha la chumbani, mimi nikatoka kwa hilo hilo ili mlango usinichongee. Tulikwama katikati kidogo.

Ndivani mambo yalikwenda vizuri. Nimekaa juu ya jiwe, nimeelekeza kwa fimbo, na tundu lilikuwa pale pale nilipolijua. Watu wakapiga vigelegele. Simu ikalia mfukoni. Nakunda, na sura yake.

"Baba, kuna mtu kavaa koti lako anakula makande."

Zefania yule! Mgongo alitoa, kikohozi alikohoa. Ila alipojipakulia makande, akavua kofia aombee chakula. Miaka yote ya kanisa, angeombaje na kofia kichwani? Kichwa kikang'aa hadi Dodoma. Na binti yangu juzi tu kaniita kondoo. Ukuta ukamwuliza, "Wewe nani?" Akamalizia kwanza, "Amina," kisha akasema yote. Ndiva, koti, dirisha. Hata sufuria.

Watu waliacha majembe. Sauti ya simu ilikuwa juu, siijui kuipunguza.

"Umenidanganya, Baba." Nimekudanganya. "Kesho nakuja na gari."

Niliogopa kama mtoto.

Mama Elia, mwenyekiti wetu wa ndiva, tope hadi magotini, akaninyang'anya simu. "Nakunda, mwanangu, huyu tumempandisha tumemshika mikono yote miwili, na kushuka ni hivyo hivyo. Tangu asubuhi yuko juu ya jiwe. Kazi yake ni kututukana." Watu wakacheka. Akazungusha simu, akamwonyesha ukuta mzima wa ndiva, tundu, watu wote na majembe yao. Kila mtu akampungia.

Nakunda akauliza, "Na mlango wa asubuhi? Sema kweli."

Nikasema kweli. Nakwenda kumsalimia mama yako.

Akakata simu.

Nimeshuka nimeshikwa mikono miwili. Makande yameisha. Sina njaa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda kanisani na kurudi nikitazama barabara. Gari halikuja.

Saa saba kanipigia kwa simu, si kwa ukuta. Nibaki. Ndivani nisikanyage bila watu wawili. Kamera ya jikoni niing'oe, moshi umeshaipofusha. Kidude cha mlango kisiondoke. Kikimwambia saa kumi na mbili kasorobo kwamba mlango umefunguka, atajua niko kwa mama yake, na yeye atamsalimia kutoka huko huko.

Nimejibu: haya.

Kisanduku cha darini nimekifuta masizi kwa kanga ya marehemu. Bado kijani.

Nakunda anakuja Jumamosi, kutusalimia wote wawili. Haji kunichukua.

Kofia imerudi, ndani ina punje ya maharage. Sitauliza. Ila, mzee Zefania, mkono umepumzika tangu Jumanne na makande umekula. Wembe uko dirishani. Njoo uninyoe.