Mpishi wa Kikosi

Shoga, unakumbuka siku ile tunaanika nguo ukaniuliza, "Hivi mumeo vitani alikuwa anapika tu?" Nikakuapia kwa Mungu kwamba alikuwa mpishi.

Nimetoka kwa mwanangu sasa hivi.

Waliweka sinema ya mwanajeshi mstaafu anayechinja watu, damu mpaka kwenye kuta. Nilitaka kuondoka, lakini mjukuu alikuwa amenilalia mapajani, na kwenye kochi nimebanwa kati ya mkwe na ukuta. Nikafumba macho nikawa nasali kimoyomoyo.

Yule rafiki wa marehemu mume wangu, aliyekuwa naye kikosini, naye alikuwapo anatazama, akacheka. "Uongo huu. Mpishi alikuwa anamziba mtu mdomo kwanza. Hata aliyelala pembeni hasikii."

Nikamwambia, "Shemeji, mpishi gani?"

"Mumeo, nani mwingine? Tulimwita Mpishi kwa ajili ya kile kisu chake."

Kwa ajili ya kisu, shoga. Miaka yote namwombea mtu aliyekuwa akimenya vitunguu.

Nikamuuliza, "Kwani jikoni hakuwahi kuingia?"

Akanitazama, akatambua kwamba nilikuwa sijui. Akachukua kofia yake mezani, akatoka.